Watu wazima vyuoni: Karo yao ilitakikana, mahitaji yao yakasahaulika

WAKENYA hawana uchoyo wa sifa kwa mzee anayeingia darasani. Kimani Maruge alipojiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, taifa zima lilimshangilia. Mwaka uliofuata alipanda ndege hadi New York kuzungumzia umuhimu wa elimu ya msingi isiyolipiwa mbele ya Umoja wa Mataifa. Sifa za aina hiyo hiyo zilimfuata Priscilla Sitienei wa Ndalat, aliyekuwa bado akivaa sare ya shule alipofariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 99.

Lakini kuna mwanafunzi mwingine mwenye mvi ambaye hapigiwi makofi. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, karani wa kaunti, afisa wa polisi au mfanyabiashara aliyetimiza umri wa miaka 35, 40 au hata 50, kisha akaamua kuitafuta shahada aliyoikosa ujanani. Hakuna kamera inayomsubiri langoni. Anaingia chuoni jua likitua, anatoka usiku, na kesho yake alfajiri yuko kazini.

Kwa zaidi ya miongo miwili, mwanafunzi huyu amekuwa mojawapo ya nguzo zilizozuia vyuo vikuu vya umma kuporomoka. Ada zake zililipa mishahara na kujenga majumba. Hata hivyo, vyuo hivyo vilimtazama zaidi kama chanzo cha mapato kuliko kama mwanafunzi mwenye mahitaji yake. Sasa mapato hayo yamepungua, na milango aliyozoea kupitia inafungwa mmoja baada ya mwingine bila ya yeyote kuuliza atapita wapi.

Mzizi wa hali

Ni kosa kudhani kuwa watu hawa walishindwa na mtihani. Kwa miaka mingi, vyuo vya umma vilipokea wanafunzi kulingana na idadi ya vitanda vilivyokuwa katika mabweni. Aliyepata alama za kujiunga na chuo lakini akakosa kitanda alikuwa amekosa chuo. Maelfu ya vijana waliofuzu walielekezwa katika vyuo vya ualimu, vyuo vya matibabu na taasisi za kiufundi, au wakarejea nyumbani kulima.

Mabadiliko ya mfumo wa elimu yalizidisha msongamano huo. Mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa mwaka 1985, na wanafunzi wa mwisho wa Kidato cha Sita wakafanya mtihani wao mwaka 1989. Vyuo vilijikuta na makundi mawili ya mifumo tofauti yakigombea nafasi chache. Waliokuwa na umri wa miaka 18 au 20 wakati huo, wakaachwa nje, ndio hasa walioanza kuonekana katika madarasa ya jioni miaka kumi baadaye.

Wapo pia wanawake waliokatiziwa masomo na mimba. Sera ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurejea shuleni ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, msichana aliyepata mimba aliaga shule, na kwa kawaida hakuna aliyemwuliza tena kuhusu masomo. Wengine walimaliza Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kibinafsi, wakasomea vyeti na diploma kidogo kidogo, na kufika chuo kikuu wakati watoto wao nao wakikaribia kuingia humo.

Njia za kuwapokea zilikuwepo, japo finyu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa masomo ya mbali mwaka 1986, ikiendeshwa kutoka bewa lake la Kikuyu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuja na mpango wa kuwafunza walimu wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Mipango hii ilimfikiria mtu mzima kwa dhati, kwa kuwa ilitambua kwamba ana kazi asiyoweza kuiacha.

Mlango mpana ulifunguliwa mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza masomo ya sambamba kwa wanaojilipia, maarufu kama Module II. Vyuo vingine vya umma vilifuata mkondo huo. Lakini kilichousukuma mlango huo hakikuwa huruma kwa walioachwa nyuma. Serikali ilikuwa imepunguza ufadhili wake, sera ya kugawana gharama na wazazi ilikuwa imeanza, na vyuo vilihitaji pesa. Mwanafunzi wa kujilipia alikuwa jibu la haraka, na mabilioni ya shilingi yakaanza kuingia.

Sababu za kurudi

Mtu wa miaka 45 harudi darasani kwa ajili ya kupoteza wakati. Sababu ya kwanza ilikuwa mshahara. Kwa miaka mingi, mwalimu wa cheti cha P1 aliyerudi na shahada alikuwa na matumaini ya haki ya kupandishwa daraja. Muuguzi wa diploma aliyepata shahada ya uuguzi alijiweka katika nafasi ya kusimamia wodi au kufundisha. Katika afisi za serikali, karani asiye na shahada alifika kikomo akawatazama vijana aliowafunza kazi wakimpita.

Sababu ya pili haitajwi sana. Mwaka 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Hesabu ikabadilika. Aliyeanza masomo akiwa na miaka 45 na kuhitimu akiwa na 50 angesalia na miaka mitano tu ya kufaidi jasho lake chini ya utaratibu wa zamani. Sasa alikuwa na miaka kumi. Shahada ya utu uzima ikawa uwekezaji wenye maana.

Siasa nayo ilichangia. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 ilidai shahada kwa wawaniaji wa urais na ugavana, na marekebisho ya baadaye yakajaribu kulipanua sharti hilo hadi kwa wabunge na madiwani. Wanasiasa wengi walikimbilia vyuoni. Mahakama ziliondoa sharti hilo kwa wabunge na madiwani kabla ya uchaguzi wa 2022, lakini kwa wakati huo tayari shahada ilikuwa imegeuzwa kuwa tiketi ya ukumbini, na mwanafunzi wa umri mkubwa akaanza kutazamwa kwa jicho la shaka.

Shaka hiyo imewadhulumu wengi. Nyuma ya sababu za mshahara na cheo kuna jambo lisilopimika kwa pesa. Mtu aliyenyimwa nafasi kwa kukosa kitanda amebeba donda hilo kwa miaka ishirini. Anapovaa joho siku ya mahafali mbele ya wazazi waliozeeka na watoto waliokua, huwa anafunga hesabu ya zamani.

Darasani jioni

Hali halisi ya masomo hayo ni ngumu kuliko wanavyodhani wanaoyatazama kwa mbali. Madarasa ya jioni huanza mwendo wa saa kumi na moja na nusu, wakati ambapo barabara za Nairobi zimefurika magari. Mtu hutoka kazini bila kula, akapanda matatu, akafika mhadhara ukiwa umefika kati. Darasa likiisha saa mbili na nusu usiku, huanza safari nyingine ya kuelekea Rongai, Kitengela au Githurai. Usomaji wa vitabu huanza familia ikiwa imelala.

Mwalimu anayesoma wakati wa likizo ana mateso ya namna yake. Shule hufungwa Ijumaa naye huripoti chuoni Jumatatu. Kazi ya muhula mzima hubanwa katika majuma machache. Hukodi chumba karibu na chuo, akaishi humo kama kijana wa miaka ishirini, huku simu ikimwita nyumbani kuhusu ng'ombe mgonjwa, karo ya mtoto au mazishi ya jirani. Kwa mwaka mzima hapati siku ya kupumzika, kwa maana likizo yake ndiyo shule yake.

Kisha kuna suala la hadhi. Mwalimu mkuu anayeongoza walimu ishirini hujikuta akisahihishwa na mhadhiri aliye rika la kifungua mimba wake. Wahadhiri wengine vijana huona haya kumkosoa mtu wa umri wa baba yao, wengine nao humkosoa kwa ukali wa kupita kiasi ili wasionekane wanyonge. Hakuna anayewafunza wahadhiri jinsi ya kufundisha watu wazima, ingawa wataalamu kama Mmarekani Malcolm Knowles walishaeleza tangu miaka ya 1970 kwamba mtu mzima hujifunza vyema anapohusisha somo na tajriba aliyonayo.

Matokeo yake ni kwamba hazina kubwa hupotea. Muuguzi aliyefanya kazi kwa miaka 15 katika hospitali ya wilaya hukalishwa na kusomewa maelezo kuhusu jinsi ya kumpokea mgonjwa. Mhasibu wa chama cha ushirika hunakili fasili za mambo anayoyafanya kila siku. Mhadhiri mwerevu angewafanya walimu wa wenzao. Mhadhiri wa kawaida huwataka wanyamaze na waandike.

Kazi za makundi ni kikwazo kingine. Vijana hukutana bwenini saa nne usiku, yeye yuko nyumbani. Mara nyingi huishia kuchangia pesa za kuchapisha kazi, jina lake likaandikwa, lakini elimu ikampita. Tarakilishi nazo ziliwatoa wengi jasho. Katika miaka ya mwanzo ya masomo ya sambamba, wengi waliandika kazi zao kwa kalamu, kisha wakawalipa vijana wa saiba kuzipiga chapa, gharama ambayo haikuwa katika orodha yoyote ya karo.

Tatizo linalouma kuliko yote ni la alama zinazopotea. Kwa kijana anayeishi bwenini, alama zikikosekana ni usumbufu wa kuzunguka afisi kadhaa. Kwa mwalimu anayefanya kazi Lodwar au Mandera, ni safari ya mamia ya kilomita, ruhusa ya mwajiri, nauli na malazi, ili kuambiwa kwamba mhadhiri husika hayupo. Wapo waliokosa mahafali kwa ajili ya somo moja walilolifanya na kulilipia.

Migomo nayo humwumiza kwa njia tofauti. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliodumu takriban majuma saba, uliwachelewesha wanafunzi wote. Lakini kijana anaweza kusogeza ratiba yake mbele. Mwalimu aliyepangiwa kusoma katika likizo ya majuma matatu, likizo hiyo ikapita wahadhiri wakiwa wamegoma, hana pa kuisogeza.

Mwanamke katika kundi hili hubeba mzigo maradufu. Baada ya kazi na darasa, bado jikoni kunamsubiri. Wengi huahirisha masomo hadi kitinda mimba aingie shule ya upili, na hivyo kufika chuoni miaka kumi baada ya wenzao wa kiume. Vyuo vingi havina hata chumba cha mama kunyonyesha, seuze mahali pa kumwacha mtoto kwa saa tatu za mhadhara.

Nani hulipa?

Mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali hufadhiliwa na mlipa kodi. Mtu mzima anayesoma jioni ndiye mlipa kodi mwenyewe, na bado hujilipia gharama yote. Kwa mwalimu au muuguzi, njia ya kawaida ni mkopo wa Sacco unaokatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yanayozidi thuluthi mbili za mshahara. Wengi wa wanafunzi hawa wanaishi wakigusa ukingo huo. Thuluthi moja inayosalia ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, chakula, na karo za watoto. Katika baadhi ya familia, mzazi husimamisha masomo yake mwaka ambao mtoto anaingia Kidato cha Kwanza, akarejea mwaka unaofuata, na kozi ya miaka minne ikachukua minane.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ilikuja baadaye na mkopo wa Jielimishe kwa watu walioajiriwa. Hiyo ilikuwa hatua ya busara. Hata hivyo, mkopo unaoanza kulipwa wakati mtu bado anasoma, juu ya ule wa Sacco, huwafaa zaidi wenye mishahara minono kuliko mwalimu wa P1 au mfanyabiashara asiye na hati ya mshahara.

Mpango mpya wa ufadhili uliozinduliwa mwaka 2023 haukubadilisha hali hii. Mpango huo huwagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo mwaka 2025. Katika mvutano huo wote, mjadala umekuwa juu ya kijana anayetoka shule ya upili na uwezo wa wazazi wake. Mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe ndiye mzazi hakutajwa.

Ahadi zilizoyeyuka

Kama ugumu wa darasani ungefuatwa na malipo, wengi wangevumilia. Lakini waajiri nao waligeuza kibao. Kwa walimu, mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021 ulileta mwongozo wa kupandisha vyeo uliotilia mkazo tathmini ya utendakazi na nafasi zilizopo, badala ya vyeti alivyoviongeza mwalimu. Chama cha KNUT kiliupinga mahakamani. Mwalimu aliyekopa ili asome kwa kutegemea utaratibu wa zamani alijikuta na deni na shahada, lakini daraja ni lile lile.

Maafisa wa polisi walipata kipigo kikubwa zaidi. Konstebo wenye shahada waliokuwa wakilipwa mshahara wa juu kwa sababu ya masomo yao walipunguziwa mshahara huo mwaka 2018, na mzozo huo ukafika mahakamani. Wengi walikuwa tayari wamechukua mikopo kwa kutegemea mapato hayo.

Mwaka 2023 ulifichua kinaya cha hali hii. Shule za sekondari msingi zilipoanza chini ya mtaala wa umilisi, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilihitaji walimu wa shahada kwa haraka. Iliwapata wapi baadhi yao? Katika shule za msingi, ambako walimu waliojisomesha wakati wa likizo walikuwa wamekaa na shahada zao kabatini. Taifa lilichota kutoka kisima ambacho halikugharamia kuchimbwa kwake. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba masomo ya watu wazima si anasa ya mtu binafsi.

Milango yafungwa

Pigo kwa masomo ya sambamba lilitoka upande usiotarajiwa. Mwaka 2015, watahiniwa 169,492 wa KCSE walipata gredi ya C+ na zaidi. Mwaka 2016, baada ya aliyekuwa Waziri wa Elimu Fred Matiang'i kukaza kamba dhidi ya udanganyifu, idadi hiyo ilishuka hadi 88,929. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa vimeongezeka kutoka 7 hadi 22 kufikia mwanzoni mwa 2013. Ghafla nafasi zikawa nyingi kuliko waliofuzu, na karibu kila mwenye C+ akapata nafasi ya kufadhiliwa na serikali, hata katika vyuo vya kibinafsi.

Kwa vijana, hiyo ilikuwa habari njema. Lakini madarasa ya kujilipia yalikuwa yamejengwa juu ya makundi mawili kwa pamoja: vijana waliokosa nafasi za serikali, na watu wazima wenye kazi. Vijana walipoondoka, darasa la watu 80 likasalia na 15, na mhasibu wa chuo akaona kwamba halilipi. Mabewa ya mijini yakafungwa au yakapunguzwa. Kozi za jioni zikaunganishwa na za mchana. Mwanafunzi mwenye kazi akaambiwa ahudhurie darasa saa nne asubuhi.

Janga la Covid-19 lilileta nafuu na dhiki kwa wakati mmoja. Vyuo vilifungwa Machi 2020 na mafunzo yakahamia mtandaoni, jambo lililowaondolea watu wazima safari na nauli. Lakini kalenda ya shule ilibanwa katika miaka ya 2021 na 2022 ili kufidia muda uliopotea, likizo zikafupishwa, na mpango wa walimu uliotegemea likizo hizo ukakosa pumzi.

Tumaini jipya ni Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023 huko Konza. Hapa, kwa mara ya kwanza, kuna chuo kizima cha umma kisicho na bweni wala foleni ya magari. Lakini matarajio yapimwe. Intaneti hulipiwa, umeme hupotea vijijini, na kozi nyingine haziwezi kufundishwa kwa skrini pekee. Muuguzi hahitimu bila wodi, wala fundi bila karakana. Chuo huria hakiwezi kuwa kisingizio cha vyuo vingine 22 na zaidi kufunga madarasa ya jioni.

Hoja ya ubora

Wapo wanaosema kwamba kufungwa kwa milango hiyo ni heri. Wanadai kuwa masomo ya sambamba yalishusha viwango, kwamba watu wazima walifuata karatasi wala si elimu, na kwamba wahadhiri walichoka kwa kufundisha mchana na usiku. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mnamo Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipotoa shahada 118 za uzamifu katika mahafali moja, maswali yalizuka kote nchini na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ikalazimika kuchunguza.

Lakini ulegevu wa chuo si kosa la umri wa mwanafunzi. Aliyepanga wahadhiri wachache kufundisha makundi makubwa ni chuo. Aliyepoteza alama ni chuo. Kumwadhibu mwanafunzi kwa uzembe wa aliyechukua karo yake ni kumtwisha mzigo wa mwenye kosa. Isitoshe, mtu anayelipa kwa mkopo wake mwenyewe ndiye mwenye sababu ya kudai ubora kuliko wote.

Mafunzo ya majirani

Nchi jirani ziliwahi kulishughulikia suala hili kwa upana zaidi. Mwalimu Julius Nyerere alishikilia tangu miaka ya 1960 kwamba taifa changa halina budi kuelimisha watu wazima kwanza, kwa kuwa mchango wa watoto katika uchumi ungechukua miaka mingi kuonekana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilienda mbali hata kuwataka wahitimu wa Kidato cha Sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Sera hiyo ilikuwa na kasoro. Idadi ya wanawake waliojiunga ilishuka, kwa kuwa wengi walianza familia katika miaka hiyo ya kungoja, na sharti likalegezwa kwao. Ni funzo muhimu: kumkaribisha mtu mzima ni jambo jema, kumchelewesha kijana kwa lazima ni jambo jingine. Baadaye Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake kwa sheria ya mwaka 1992, zaidi ya miaka 30 kabla ya Kenya.

Uganda nayo ina mtihani maalumu wa kujiunga na Chuo Kikuu cha Makerere kwa waliotimiza umri wa miaka 25. Anayefaulu huingia kwa uwezo wake wa sasa, si kwa alama alizopata akiwa na miaka 18. Nchini Kenya, gredi ya shule ya upili humfuata mtu hadi uzeeni. Aliyepata C mwaka 1995 bado hutambulishwa kwa C hiyo, hata kama ameongoza kituo cha afya kwa miaka ishirini, na njia yake pekee ni kupanda ngazi ya cheti, diploma, kisha shahada.

Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu (KNQA). Hadi sasa mkazo umekuwa juu ya mafundi: seremala, mwashi, mekanika. Hakuna sababu ya msingi ya kutoifikisha sera hiyo katika vyuo vikuu, ili muuguzi au mwalimu mzoefu asamehewe masomo ambayo kazi yake imekwisha kumfunza.

Yanayowezekana

Marekebisho yanayohitajika hayahitaji mabilioni. Chuo kinaweza kumruhusu mwanafunzi alipie somo moja moja kadiri ya uwezo wake, badala ya karo ya muhula mzima. Vyuo vya mji mmoja vinaweza kushirikiana katika darasa moja la jioni, badala ya kila kimoja kulifunga kwa uchache wa wanafunzi. Matokeo yanaweza kutumwa na kurekebishwa kwa mtandao, ili mtu asisafiri kutoka Lodwar kutafuta alama. Mwajiri naye aseme mapema na kwa maandishi iwapo shahada itabadilisha daraja, ili mtu akope akijua anachokopea.

Kuna haraka katika jambo hili. Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 unatarajiwa kufanywa mwaka 2027, na kundi la kwanza la mtaala wa umilisi linatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Mipango yote ya wizara, fedha na vyuo imeelekezwa kwa vijana hao. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1989 na 1990, mfumo mmoja ulipoupisha mwingine, na maelfu wakadondoka kati kati.

Walioachwa wakati huo ndio waliojaza madarasa ya jioni miaka kumi baadaye na kuviokoa vyuo kwa karo zao. Watakaoachwa safari hii nao watarudi, wakiwa na kazi, watoto na mikopo. Swali ni kama watakuta mlango, au watakuta tangazo kwamba darasa la jioni lilifungwa kwa kukosa wanafunzi.